Gobore Chini ya Kitanda cha Shangazi

Ukoo wetu ulikuwa na gobore moja, na kwa miaka mingi niliamini kwamba ndicho kitu pekee duniani ambacho nami nina sehemu yangu ndani yake. Mimi si mtu wa kukaa. Nimechimba dhahabu Chunya, nimeuza mitumba Tunduru, nimepakia samaki Mwanza, na kila nilipoondoka nilimwachia mwenye nyumba kitanda nikabeba begi. Lakini popote nilipokuwa, watu walipoanza kutaja kwao, nami nilikuwa na la kutaja. Wenzangu walitaja mashamba na ng'ombe. Mimi nilitaja bunduki ya babu.

Niliieleza kwa mapenzi. Urefu wake, unaomfika mtu mzima kifuani. Kitako cha mninga kilichopasuka kikafungwa kwa waya wa shaba. Harufu ya mafuta ya nazi iliyokuwa imeingia mpaka ndani ya mti. Halafu nilikuwa nasimulia kile kisa cha kuchekesha, na watu walicheka, na mara nyingi kuna aliyeninunulia kinywaji.

Kisa chenyewe ni hiki. Babu alikuwa na shamba la mihogo nyuma ya nyumba, huko ndani ya Kisarawe, mbali na lami, na nguruwe pori walikuwa wakilifukua. Siku moja jua likikaribia kuzama alipanda kwenye dungu, kile kibanda cha juu cha kulindia shamba, akiwa na bunduki yake. Akaona kitu cheusi kimejikunyata katikati ya mihogo, kinatikisika. Akafyatua. Kumbe si nguruwe. Ni binti yake mkubwa, shangazi yangu, wakati huo ana miaka kama kumi na miwili. Alikuwa amepelekwa upande wa pili wa shamba kugonga debe ili nguruwe wakimbilie kwa babu, na haja ikambana, akachuchumaa.

Hapo ndipo watu walipokuwa wakicheka. Nilikisimulia kisa hicho mara nyingi kiasi kwamba nilijua nitulie wapi kidogo kabla ya kusema "akachuchumaa", ili kicheko kije chote kwa pamoja.

Kwetu hakikuwa siri wala aibu. Kilisimuliwa kwenye harusi, kwenye maulidi, kwenye arobaini, naye shangazi akiwa palepale, akipita na sinia la vikombe, mguu wake wa kulia ukiburuza kidogo. Watani waliokuja misibani walimwita nguruwe wa mzee. Sisi ni Waislamu. Kuna wazee wetu ambao wakilitaja jina la mnyama huyo hutema mate kando. Na bado tulikaa kwenye mikeka tukacheka mwanamke mzima akiitwa hivyo mbele ya wanawe. Yeye alitabasamu na kuendelea kumimina chai. Angalau mimi niliona ni tabasamu.

Babu alifariki mwaka niliomaliza kidato cha nne. Siku ya tatu ya msiba bunduki ilitolewa, na mtu mmoja aliyezijua bunduki akaingiza ule ufito wa chuma wa kushindilia mdomoni mwa mtutu, akaona hauzami wote. Akasema imejaa. Baruti imo, vyuma vimo. Akashauri itolewe. Ndipo baba mdogo, mdogo wake baba yangu, aliposimama. Wakati huo alikuwa karani wa serikali Kibaha na alijua kuzungumza mbele za watu. Alisema risasi ile isiguswe. Alisema marehemu aliishindilia kwa mkono wake, kwamba ndiyo kazi ya mwisho ya mkono ule, na kwamba kuitoa itakuwa kama kumzika mara ya pili. Watu walilia. Mimi nililia kuliko wote.

Basi gobore likafungwa kwenye kipande cha shuka jeupe, likawekwa chini ya kitanda cha shangazi, likiwa limejaa hivyohivyo. Shangazi alikuwa ameachika zamani na kurudi nyumbani, nyumba ya babu ndiyo ilikuwa yake, na ilisemekana yeye ndiye anayeijua bunduki kuliko sisi sote. Alipewa kazi ya kuipaka mafuta kila Ijumaa. Hakuna aliyemuuliza kama anaitaka. Miaka zaidi ya ishirini alilala juu yake.

Kila Idd ukoo ulikuja kutoka Kibaha na Dar es Salaam. Baada ya pilau baba mdogo aliagiza bunduki itolewe. Wanaume walivaa kanzu zao wakapiga nayo picha mmoja baada ya mwingine, kitako begani, jicho moja limefumbwa, mtutu umeelekezwa kwa mpiga picha. Watoto walishikishwa. Tulikuwa tukiambiana kwamba fataki, kile kikofia kidogo cha kuwashia baruti, iliondolewa zamani, kwa hiyo hakuna hatari. Nani aliiondoa, hakuna aliyejua. Nami nina picha hiyo. Nilitembea nayo kwenye simu mpaka Songea.

Nilirudi mwaka jana, nikapata kazi ya kulinda pagale la mtu huko Mbwawa, nyumba isiyo na madirisha, mihogo kushoto na viwanja vipya kulia. Nilikuwa sijamaliza hata miezi mitatu serikali ikatangaza muda wa kusalimisha silaha kwa hiari. Atakayepeleka mwenyewe hatasumbuliwa. Atakayekutwa nayo baada ya muda kuisha atafikishwa mahakamani. Tangazo lilipita redioni, misikitini, makanisani, na kwenye gari la matangazo lililozunguka na kipaza sauti. Gobore letu halikuwahi kuwa na kibali hata siku moja.

Baba mdogo akaita kikao nyumbani kwake Mkuza. Siku hizi ni mstaafu, ana nyumba yenye vigae na sebule ya makochi mazito. Tulikuwa watu saba hivi, na mtani wa familia, mzee wa Kinyamwezi, dereva mstaafu, jirani yake, ambaye hakosi penye chai. Shangazi hakuitwa. Nilipouliza, nikajibiwa kwamba mguu wake haumruhusu kusafiri.

Walizungumza muda mrefu, na kama ningekuwa mbali, ningeyapenda maneno yao. Walisema bunduki ile ndiyo babu mwenyewe. Walisema Wajerumani walishindwa kuinyang'anya, jambo ambalo sijui limetoka wapi, maana babu aliinunua akiwa kijana, na Wajerumani walikuwa wameshaondoka kabla hajazaliwa. Binamu yangu mmoja alifuta machozi. Mtani akaona hawezi kuvumilia.

"Nyie Wazaramo mna mambo," akasema. "Ukoo mzima bunduki moja, na nyama pekee iliyowahi kupigwa nayo ni mtoto wenu."

Wakacheka wote. Nami nilicheka, kinywa kilifunguka chenyewe. Kisha nikamtazama mtani nikaona yeye hacheki. Alikuwa anakoroga chai yake, na aliendelea kuikoroga sukari ikiwa imeshayeyuka.

Mtu akapendekeza bunduki ihamie pale Mkuza, ikae kabatini. Mke wa baba mdogo akasema hicho kitu kikivuka mlango wake yeye atatoka kwa mlango mwingine. Baba mdogo akakubaliana naye haraka mno. Akasema pale ni mjini, askari wako karibu, yeye ni mtu anayejulikana. Uamuzi ukawa kwamba bunduki ifungwe kwenye nailoni nene, ifukiwe shambani huko Kisarawe mpaka mambo yapoe. Na mtu wa kuifukia ni mimi.

Niliuliza kwa nini mimi.

"Wenzako wana kazi, wana watoto shule," baba mdogo akasema, kwa upole kabisa. "Wewe huna cha kupoteza, mwanangu."

Hakukosea. Ndiyo maana lilinikaa kama mfupa kooni. Nikauliza na kama askari wakiifukua, nani atashikwa. Akasema askari hawatafukua shamba zima. Nikasema shamba lile analima shangazi peke yake, jina lake ndilo linalojulikana kijijini. Akanijibu kwamba nani atamfunga mwanamke mzee, mlemavu. Alilitamka hilo neno mlemavu kama mtu anayetaja faida.

Nilipitia Kiluvya, nikafika kwa shangazi kesho yake kabla ya adhuhuri. Alikuwa uani anachambua maharage. Nilimpa shikamoo, akaitikia marahaba bila kuinua uso, akanionyesha kigoda. Muda wa hiari ulikuwa umebaki siku mbili.

"Wamekutuma nini?" akauliza.

Nilianza kuzunguka. Nikasema tumekaa kama familia, tumeona kwamba. Akaninyooshea kiganja.

"Sema tu."

"Niifukie shambani."

"Shamba la nani?"

"La kwetu sote."

"Hilo la kwenu sote, mwaka huu nani kalipalilia?"

Akamwaga maharage kwenye sufuria, akaniambia kwamba wiki mbili nyuma alikuwa ameshakwenda mwenyewe kwa mtendaji wa kijiji. Alimweleza kila kitu. Mtendaji akamwambia aipeleke kituo cha polisi mjini Kisarawe, ataandikwa jina, yataisha. Lakini akamwonya kwamba silaha iliyojaa isipandishwe kwenye chombo chochote cha usafiri. Kuitoa risasi anajua, mikono ndiyo haina nguvu tena. Vijana wa kijijini aliowaomba walikataa. Walikuwa wamesikia kwamba mkono wa marehemu umo ndani yake, wakaogopa.

"Nilikuwa namsubiri mtu mwenye mikono," akasema. "Wewe unayo. Hiyo nailoni uliyokuja nayo tutawekea mbegu."

Nilisema baba mdogo atakasirika. Nilisema ile ni kazi ya mwisho ya mkono wa babu. Nakumbuka jinsi nilivyolisema hilo, kwa sauti ya chini, kama nasoma dua.

Shangazi alinitazama kwa mara ya kwanza siku hiyo.

"Babu yako miaka miwili ya mwisho hakuweza kushika hata kikombe. Alikuwa anatetemeka, mimi ndiye niliyemnywesha uji. Hiyo risasi nimeishindilia mimi. Alinituma, nikafanya."

Nikamuuliza kwa nini hakusema siku ile ya tatu, watu wote wakilia.

"Nani aliniuliza?"

Tuliingia chumbani. Nilipiga magoti nikainamisha kichwa chini ya kitanda, na harufu ikanipiga usoni. Mimi ndiye niliyeisifu harufu ile katika mikoa sita. Nilikuwa nikiipata siku ya Idd, uani, baada ya bunduki kufutwa na kupakwa mafuta mapya, pilau likinukia pembeni. Huku chini ilikuwa kitu kingine. Mafuta ya nazi ya miaka ishirini, tabaka moja juu ya jingine, yaliyochacha, yamechanganyika na kutu na mavi ya mende. Shuka jeupe lilikuwa limekuwa na rangi ya vazelini chafu na liliganda kwenye chuma. Nilipolivuta, mende walitawanyika, mmoja akapita juu ya kiganja changu. Pale ndipo kichwa cha shangazi kilipokuwa kila usiku, shubiri mbili tatu juu ya mambo hayo.

Tukaipeleka uani. Alinielekeza niilaze kwenye gogo, mtutu uelekee shambani, nisisimame mbele yake hata kwa bahati mbaya. Kisha yeye akainama, akafungua kitambaa kilichozungushwa pale nyundo ya bunduki inapogonga. Akanionyesha kwa kidole bila kugusa. Chini ya nyundo, kijani kama shilingi ya zamani, kilikuwapo kile kikofia. Fataki haikuwahi kuondolewa.

Nilifikiria watoto wa binamu zangu, kila Idd, kidole kwenye kifyatulio, na sisi tukiwaambia wafumbe jicho moja. Nilifikiria picha yangu. Aliyenipiga picha ile ni shangazi mwenyewe, maana wengine walikuwa bado wananawa. Nilimwelekezea mtutu kifuani nikiwa natabasamu.

"Ulijua kwamba ipo?" nikamuuliza.

"Kila Idd nilimwambia baba yako mdogo. Anasema naharibu shughuli."

Alichukua kisu chembamba, akainua nyundo kwa uangalifu mkubwa, akakibandua kile kikofia na kukitumbukiza kwenye kopo la maji. Halafu akaniamuru nimimine maji mdomoni mwa mtutu, kidogo kidogo, mpaka yatoke pale penye tundu la fataki. Yalichukua muda. Tulisubiri. Akaenda kupika, akarudi, akaniambia nimimine tena. Ulikuwa mchana wa jua kali na mimi nilikuwa nimekaa kando ya ile bunduki kama mtu anayeuguza.

Kwa kutolea kuna waya mnene wenye ncha iliyopindwa kama kizibuo. Alikuwa ameutunza, umetundikwa jikoni karibu na mwiko. Niliuingiza, nikausokota, nikavuta. Kwanza yalitoka makumbi ya nazi, yamekandamana, meusi. Nikainamisha mtutu kwenye beseni nikagonga kitako kwa kiganja, na vyuma vikaanza kudondoka. Misumari iliyokatwa. Vipande vya nondo. Kipande cha mnyororo wa baiskeli. Shangazi alichukua msumari mmoja akaugeuzageuza.

"Hii niliiokota walipokuwa wanapaua jikoni," akasema. "Hakuwa na vyuma vingine."

Akautupa kwenye beseni. Kisha, bila mimi kumwomba, akavuta khanga yake juu kidogo ya goti akanionyesha. Nilikuwa nimeusimulia mguu ule nusu ya maisha yangu, sikuwahi kuuona. Nyama ya nyuma ya paja haikuwapo. Palikuwa na bonde, na ngozi yake ilikuwa imevutwa na kukunjwa kama karatasi ya nailoni iliyopitiwa na moto. Chini ya ngozi, karibu na goti, kulikuwa na vinundu vitatu vyeusi. Akakisukuma kimoja kwa kidole, kikahama.

"Hivi hawakuvitoa. Babu yako aliwaambia hospitali nimeanguka juu ya kisiki, wakatafuta vijiti. Usiku wa baridi vinauma."

Aliishusha khanga. Akasema niendelee, makumbi ya chini bado.

Niliendelea. Kumbi la pili lilikuwa zito, na lilipotoka, maji yote ya ndani yakafuata kwa mkupuo, na baruti pamoja nayo. Ulikuwa uji mweusi wenye vipovu, na ulinuka yai viza. Ulinirukia mikononi, kwenye shati, kidogo mdomoni. Nilitapika pembeni ya gogo. Nilipoinua kichwa, shangazi alikuwa ananipa kata ya maji, na beseni lilikuwa mbele yetu. Hicho ndicho tulichokuwa tukikililia. Ndicho baba mdogo alichokuwa akikiita mkono wa marehemu. Uchafu wa kijivu na misumari ya jikoni, ambao mwanamke mmoja alitumwa kuushindilia kwa ajili ya mzee aliyempiga, kisha akalazwa juu yake.

Nilimuuliza kama babu aliwahi kumwomba msamaha. Alifikiri kidogo, kwa haki kabisa, kama mtu asiyetaka kumsingizia marehemu. Akasema hapana, ila alimwachisha kazi ya kugonga debe. Kwa kuwa mguu haukumfaa tena shambani, akamfundisha kusafisha bunduki.

Beseni tulilimwaga chooni. Misumari alitaka niitumbukize shimoni pia, nikafanya hivyo.

Kesho yake tuliita bajaji, maana pikipiki hawezi kupanda, goti lake halikunjiki vizuri. Bunduki tuliifunga kwenye mkeka. Simu yangu iliita njia nzima, ni baba mdogo, nikaiacha. Mwishowe aliandika ujumbe akiuliza kama shughuli imekwisha. Shangazi aliniuliza anasemaje, nikamsomea. Alitazama nje, mikorosho ikipita.

Kituoni tulikuta watu wawili mbele yetu. Bunduki zilizokwisha kupokelewa zilikuwa zimerundikwa kwenye pembe ya chumba, magobore matupu, yamelaliana kama kuni. Sijui nilitegemea nini. Kila moja ilikuwa na waya wake wa shaba, ufa wake, jina la babu wa mtu. Na bado, nasema kweli, askari aliponiambia niliweke letu pale juu, mkono wangu ulisita. Baada ya yote yale. Nililishika sekunde moja zaidi ya ilivyotakiwa, nikiitafuta ile harufu ya zamani, na nilijichukia kwa sekunde ile kuliko nilivyomchukia baba mdogo kwa miaka yote. Yeye alitaka heshima, walau alikuwepo kila Idd kuitafuta. Mimi nilimwachia shangazi mzigo ili niwe na cha kusimulia nikiwa mbali.

Askari aliyekuwa anaandika alikuwa kijana, mwenye mwandiko wa polepole. Aliandika jina la shangazi, kijiji, aina ya silaha. Akamuuliza kama imejaa, shangazi akasema tuliitoa jana. Mwenzake akachungulia ndani ya mtutu kwa tochi ya simu, akatikisa kichwa kwamba ni kweli. Yule kijana akafunga daftari, akalegea kidogo, akaamua kuchangamsha mambo.

"Enhe, bibi, hii ya kwenu ilishaua nini? Simba?"

Nilijua kinachofuata. Nilikuwa nimekisikia na kukisema maisha yangu yote, na nikajikuta natazama sakafu kukisubiri kicheko.

"Haijaua," shangazi akasema. "Ilinipiga mimi. Baba yangu alidhani ni nguruwe."

Yule kijana aliangalia bunduki, akaangalia mguu alioukunjua shangazi kwenye benchi.

"Pole sana, bibi," akasema.

"Nimeshapoa, mwanangu."

Hayo tu. Akampa karatasi yake yenye muhuri, akamsaidia kusimama. Lakini mimi nilibaki nimekaa. Sisi ni watu wa pole. Mtu akijikwaa mbele yetu tunampa pole, akipiga chafya, akirudi sokoni na kikapu kizito. Nilipiga hesabu kichwani nikitafuta mtu mmoja wa ukoo wetu aliyewahi kumpa shangazi pole ya mguu ule, na sikumpata. Babu hakumpa. Baba yangu hakumpa. Mimi niliyejiona nina moyo wa kukumbuka mambo kuliko wote, sikuwahi kumpa.

Tulitoka. Baba mdogo alikuwa amepiga tena mara nne. Nilipokea, nikamwambia bunduki iko polisi na karatasi tunayo. Aliongea kwa muda mrefu. Alisema nimemuuza babu. Alisema mtu asiye na kwake hawezi kujua thamani ya kitu. Kisha akataka kuzungumza na dada yake. Nilimnyooshea shangazi simu, akaitazama, akasema nimwambie yupo anakula.

Hakuwa anakula, lakini ng'ambo ya barabara kulikuwa na banda la chipsi, akavuka akaenda kukaa. Akaagiza chipsi mayai, na pilipili nyingi. Nami niliagiza zangu kwa ajili ya kumtia moyo. Zilipokuja, alianza moja kwa moja, kwa vidole, karatasi ameiweka ndani ya sidiria, na mguu ameunyoosha kwenye kivuli pasipo kuuficha.

Nilijaribu kula. Nilikuwa nimenawa kwa sabuni ya mche jana, nikanawa asubuhi, nikanawa tena pale bandani, na bado kila nilipopeleka mkono mdomoni nilisikia lile yai viza. Nikaweka chini. Nikamwambia pole, shangazi. Ilitoka vibaya, kavu, kama mtu anayeulizia njia.

Aliendelea kutafuna. Alimeza kwanza.

"Kama huli," akasema, "hebu sogeza hapa."